Kama ulimwengu ulianza kwa mlipuko, ulilipukia wapi? Na kabla yake kulikuwa na nini?

#1 Swali Gumu
Wakuu salaam.

Kuna jambo linaninyima usingizi, nimeamua kulimwaga hapa nipumue. Tangu shuleni tunaambiwa ulimwengu una miaka bilioni 13.8 na ulianza kwa Mlipuko Mkuu. Sawa. Mimi kila mlipuko ninaoujua una mambo matatu: kilicholipuka, mahali kilipolipukia, na aliyekiwasha. Huu wenu hauna hata kimoja. Hakukuwa na kitu, hakukuwa na mahali, hakukuwa na wakati, halafu pa! Galaksi.

Mtu akikusimulia hivyo kuhusu nyumba iliyoungua utamwamini?

Dai langu: hii ni imani kama imani nyingine, ila waumini wake wanavaa koti jeupe. Nipingeni kwa hoja, matusi wekeni pembeni.

#2 Msoma Kimya
Naweka kambi hapa. Waje wajuvi.

#3 Mpenda Hoja
Mbona rahisi. Kila kilichoanza kuwepo kina chanzo. Ulimwengu ulianza. Basi una chanzo. Mimi chanzo hicho namwita Mungu. Uzi ufungwe.

#4 Kalamu Butu
#3, na Mungu chanzo chake nini? (Nauliza mapema ili tulimalize hili kabla watu hawajajaa.)

#5 Mpenda Hoja
Soma vizuri mkuu. Nimesema "kilichoanza". Yeye hakuanza.

#6 Kalamu Butu
Basi na ulimwengu wangu mimi haukuanza. Tumetoka sare.

#7 Nyotamkia
Mkuu Swali Gumu, hasira zako nazielewa, ila umezielekeza kwenye jina. Jina lenyewe lilitolewa na mpinzani. Mwaka 1949 Fred Hoyle, mwanafalaki wa Uingereza, alikuwa redioni BBC. Yeye alishikilia kwamba ulimwengu haukuwa na mwanzo, na katika kuieleza nadharia ya wenzake akaiita "mlipuko mkuu". Likanata. Tangu siku hiyo kila anayelisikia anawaza baruti: giza tupu, kitu kimoja katikati, vipande vinaruka kwenda pembeni. Hakuna mwanafizikia anayefundisha hivyo.

Wanachosema ni kidogo zaidi. Zamani kila kitu kilikuwa kimesongamana na kina joto kali mno, na tangu hapo nafasi yenyewe inatanuka. Chukua ukanda wa mpira, ule wa kushikilia nguo kiunoni. Utie alama za kalamu kila sentimita moja. Jiweke kwenye alama yoyote, halafu uvute mpaka urefu uwe mara mbili. Jirani aliyekuwa sentimita 1 sasa yuko 2, kasogea 1. Aliyekuwa 5 sasa yuko 10, kasogea 5 kwa muda ule ule. Wa mbali anaonekana anakimbia zaidi, na hakuna alama hata moja iliyotembea juu ya mpira. Sasa hamia alama nyingine: utaona hayo hayo. Kila mmoja anajiona yeye ndiye katikati.

Kwa hiyo ulilipukia wapi? Hapo ulipokaa. Na hapa nilipo. Kila mahali palikuwepo, pamebanana.

#8 Swali Gumu
Nimefuata vizuri sana mpaka nikakwama kwenye kitu kimoja. Huo mpira unavutwa na mikono miwili. Na mikono iko nje ya mpira. Mikono ya nani?

#9 Msoma Kimya
Hahahaha mikono! Nimetoka kambini kucheka, narudi.

#10 Mpenda Hoja
Jibu la mikono ninalo, lipo #3.

#11 Nyotamkia
Kila mfano huchechemea mahali fulani, na wangu umechechemea hapo. Kwenye milinganyo ya Einstein hakuna mikono. Nafasi inaweza kutanuka bila kuwa na "nje" ya kutanukia. Friedmann, Mrusi, aliyatoa mahesabu hayo mwaka 1922, wakati Einstein mwenyewe alikuwa ameongeza herufi moja kwenye mlinganyo wake tangu 1917 kusudi ulimwengu utulie usitanuke wala kusinyaa.

#12 Mwalimu wa Zamu
Nichangie historia kidogo kwa vijana. Mwaka 1929 Edwin Hubble aligundua kwamba galaksi zinakimbiana. Alipima umbali wake, akapima kasi zake, akakuta ya mbali zaidi inakwenda kasi zaidi. Baadaye padre mmoja Mjesuti wa Ubelgiji, Georges Lemaître, akatumia matokeo hayo kusema ulimwengu ulitoka kwenye atomu moja ya mwanzo. Yaani nadharia hii mnayoiita ya wasioamini, aliyeileta ni padre. Jioni njema.

#13 Bibi Falaki
Mwalimu, umefundisha vizuri lakini naomba nisahihishe daftari.

Moja, Lemaître hakuwa Mjesuti. Alisoma kwao, ila alikuwa padre wa jimbo, alipadrishwa 1923.

Mbili, hakumsubiri Hubble. Makala yake ni ya 1927, miaka miwili kabla, na ndani yake kuna hesabu ya kasi ya kutanuka. Aliitoa kwa Kifaransa kwenye jarida la Ubelgiji ambalo wengi hawakulisoma. Hiyo atomu ya mwanzo ndiyo aliileta baadaye, 1931.

Tatu, kasi nyingi alizotumia Hubble hakuzipima yeye, alizipima Vesto Slipher. Na rula ya kupimia umbali aliipata kwa Henrietta Leavitt, mama aliyekaa miaka akipitia picha za vioo za anga mpaka akagundua kwamba aina fulani ya nyota hupwesa, yaani mwanga wake hupanda na kushuka, na inayopwesa polepole ndiyo yenye mwanga mkubwa. Ukijua inapwesa kwa siku ngapi unajua mwanga wake halisi. Ukilinganisha na mwanga unaokufikia unapata umbali. Bila mama huyo Hubble angekuwa na picha nzuri tu.

Mwaka 2018 muungano wa wanafalaki wa kimataifa ulipiga kura, wakapendekeza kanuni ile ya "ya mbali zaidi inakwenda kasi zaidi" iitwe ya Hubble na Lemaître. Slipher na Leavitt hawakuwekwa. Hilo linaniuma mpaka leo, lakini siyo mada.

#14 Mwalimu wa Zamu
Nimepigwa alama nyekundu mbele ya darasa. Asante mama.

#15 Kobe Mwendo
Nyie mnasifiana tu. Huyo Hubble hesabu yake ilitoa kasi ya kama kilomita 500 kwa sekunde kwa kila megaparseki (kipimo cha umbali wa angani), na ukiipiga kinyume unapata ulimwengu wa miaka bilioni 2 hivi. Wakati huo huo wanajiolojia walikuwa na mawe yenye umri mkubwa kuliko huo! Mtoto kamzidi mama umri. Ilichukua mpaka miaka ya 1950, Walter Baade alipoonyesha kwamba zile nyota za kupimia ni za aina mbili na watu walikuwa wanazichanganya, ndipo umri ukapanda.

Na bado. Kuna nyota inaitwa HD 140283, iko jirani tu, kama miaka 200 ya mwanga, yaani umbali ambao mwanga husafiri kwa miaka 200. Mwaka 2013 walitangaza ina miaka bilioni 14.5. Ulimwengu 13.8. Nisaidieni.

#16 Bibi Falaki
Umetaja namba ukaacha mkia wake. Ilikuwa 14.5 kwa kujumlisha au kutoa 0.8. Toa hiyo 0.8 uone unafika wapi. Namba ya falaki bila mkia ni uvumi.

#17 Kobe Mwendo
13.7. Haya, umenipata. Ila imepenya kwa kujibana, kubali.

#18 Bibi Falaki
Nakubali. Na vipimo vya baadaye viliishusha zaidi.

#19 Fundi Masafa
Habari za usiku. Sikusoma fizikia ya chuo lakini nimekuwa fundi wa televisheni tangu zile za kichogo, na nina jambo la kumwambia mleta mada anayesema hii ni imani.

Mnakumbuka chenga? Unazungusha kitufe, unaacha stesheni, kioo kinajaa vidoti vyeupe na vyeusi vinachemka kama mchwa, na sauti ya shhhhh. Miaka nikiwa na bisibisi mkononi nilijua chenga ni kukosa mawimbi. Siyo kweli. Chenga ni mawimbi, ila ya kila kitu: joto la vipuri vyenyewe, radi, injini ya gari linalopita. Na kama asilimia moja hivi yanatoka kwenye ule mwanzo tunaobishania.

Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa na antena kubwa kama pembe huko Holmdel, New Jersey, wakakutana na shhhhh isiyoondoka. Wakaielekeza huku, ipo. Kule, ipo. Usiku, mchana, kiangazi, baridi, ipo, na nguvu yake ni ile ile. Ndani ya antena kulikuwa na njiwa wawili wamejenga kiota na kupaka kila mahali uchafu wao mweupe. Wakawatoa njiwa, wakakwangua, wakaziba viungo kwa mkanda wa alumini. Shhhhh ikabaki pale pale. Kwa fundi hiyo ni jehanamu, niamini: umebadilisha kila kitu na tatizo lipo.

Umbali wa kama kilomita 60, Princeton, kundi la Robert Dicke lilikuwa linajenga kifaa cha kutafuta mabaki ya joto la mwanzo. Wale wawili wakapiga simu kuuliza. Walikuwa wameshayapata bila kuyatafuta. Makala zikatoka 1965, tuzo ya Nobel 1978.

Padre Lemaître aliambiwa habari hizo karibu na kufa, 1966. Alikuwa mgonjwa tayari. Huwa nawaza sura yake.

#20 Msoma Kimya
Njiwa walihukumiwa bure.

#21 Swali Gumu
Fundi umenigusa, nimekua na hizo chenga. Ila niambie: shhhhh ni shhhhh. Nani kasema inatoka mwanzoni? Kwa nini isiwe ya nyota za mbali zimechanganyika?

#22 Nyotamkia
Swali zuri kuliko la kwanza. Sababu ni umbo la hayo mawimbi. Kitu chochote chenye joto hutoa mwanga kwa mgawanyo maalumu, kiasi hiki cha mawimbi mafupi, kiasi hiki cha marefu. Nyota zikichanganyika mgawanyo unakuwa na makunyanzi. Setilaiti ya COBE ilirushwa 1989 ikapima, na mstari ukatoka laini kabisa, wa kitu kimoja chenye joto la nyuzi 2.7 juu ya sifuri halisi, yaani kama nyuzi 270 chini ya sifuri ya sentigredi.

Na inaungana na hesabu. Miaka 380,000 ya kwanza ulimwengu ulikuwa ukungu wa moto: elektroni zimezagaa, mwanga hauwezi kwenda hatua mbili bila kugongana nazo. Joto liliposhuka mpaka nyuzi 3,000 hivi, elektroni zikashikwa na protoni, ukungu ukafunguka, mwanga ukaachiliwa. Tangu hapo nafasi imetanuka kama mara 1,100. Gawa 3,000 kwa 1,100.

#23 Swali Gumu
2.7. Aisee.

#24 Nyotamkia
Ngoja nikuongezee na nyingine ya kupiga kwa vidole. Katika dakika chache za kwanza, baada ya mambo kupoa kiasi, kulikuwa na neutroni moja kwa kila protoni saba hivi. Chukua neutroni 2 na protoni 14. Kiini cha heliamu kinataka neutroni 2 na protoni 2. Tengeneza kimoja. Zimebaki protoni 12 hazina mwenza, hizo ndizo hidrojeni. Uzito wote ni 16, wa heliamu ni 4. Robo. Wanafalaki wakipima gesi kongwe kabisa angani, ile ambayo nyota hazijaichezea sana, wanakuta heliamu ni kama robo ya uzito. Ralph Alpher na George Gamow walianza hesabu za namna hii mwaka 1948, hakuna mtu aliyekuwa amesikia shhhhh.

#25 Kobe Mwendo
Umeisema heliamu, umeiruka lithiamu. Hesabu hiyo hiyo inatoa lithiamu kama mara tatu ya ile inayoonekana kwenye nyota kongwe. Miaka mingi sasa. Mbona hiyo haupigi kwa vidole?

#26 Nyotamkia
Kwa sababu haitoki, na vidole vyangu ni kumi tu. Wengine wanadhani nyota zenyewe zimeila. Uko sahihi kuitaja.

#27 Mpenda Hoja
Nafurahi sayansi inafika polepole mahali vitabu vilipofika zamani. "Iwe nuru." Na Waislamu wana aya ya mbingu kutanuliwa. Huo ukungu uliofunguka mwanga ukatoka, ni nini kama siyo hiyo?

#28 Mtu wa Usiku
Mpenda Hoja, mimi ni muumini kama wewe, ndiyo maana nakuonya. Nuru ni siku ya kwanza, jua siku ya nne, na kati yao mimea. Ukiifunga Mwanzo kwenye galaksi lazima uifunge na mimea kabla ya jua.

Papa Pius wa 12 mwaka 1951 alihutubia akasema sayansi imeshuhudia ile saa ya kuumbwa. Ungedhani Lemaître, padre na mwenye nadharia, angeshangilia. Hakupendezwa kabisa. Kwake nadharia ilikuwa fizikia, inaweza kuanguka kesho, na hakutaka imani ya mtu ianguke nayo.

#29 Mpenda Hoja
Hilo la Lemaître sikulijua. Nalitafakari. Ila sirudi nyuma kwenye #3.

#30 Shehe Hesabu
Asalaam aleykum. Mnazunguka swali la "kabla" kana kwamba limezaliwa jana. Al-Ghazali, aliyefariki 1111, aligombana na wanafalsafa waliosema ulimwengu ni wa milele. Wakamwuliza: kwa nini Mungu aliumba wakati ule na siyo kabla? Akajibu kwamba wakati nao umeumbwa, hakuna "kabla" ya kusimama ukingoja. Ibn Rushd akaja baadaye kumjibu, na ugomvi huo haujaisha. Na karne saba kabla ya Ghazali, Mtakatifu Agostino alisema karibu hayo hayo: ulimwengu haukuumbwa ndani ya wakati, uliumbwa pamoja nao.

Halafu Stephen Hawking akaja na mfano wake: kuuliza kabla ya Mlipuko Mkuu kulikuwa na nini ni kama kuuliza kusini ya Ncha ya Kusini kuna nini.

#31 Kalamu Butu
Kwa hiyo askofu, imamu na asiyeamini wote wametoa jibu moja, na bado tunagombana. Raha sana.

#32 Swali Gumu
Shehe, jibu hilo ni zuri lakini linanipa hisia ya mtu aliyefungiwa mlango kwa adabu. Ncha ya Kusini naweza kuangalia juu. Huku niangalie wapi?

#33 Kijana wa Milinganyo
Wengine hawakubali kwamba mlango umefungwa. Nitaje wanachosema, msiniulize nipo upande gani.

Kuna wa kurudi nyuma: ulimwengu uliopita ulisinyaa, ukafika mwisho wa kubanwa, ukadunda. Roger Penrose ana yake tofauti, hakuna kusinyaa. Ulimwengu unatanuka mpaka kila kitu kinakuwa mwanga mtupu, na mwanga haujui saa wala rula, kwa hiyo mwisho mkubwa na mwanzo mdogo vinakuwa kitu kimoja, zama nyingine inaanza. Anasema alama za zama iliyopita zinaonekana kwenye ile shhhhh ya Fundi. Wengi waliotazama hawazioni.

Kuna wa kutoka patupu: Alexander Vilenkin, 1982, ulimwengu unachomoza kutoka hali isiyo na nafasi wala wakati, kwa kanuni za kwantumu, zile za vitu vidogo kama atomu na chini yake. Hoja yao ni kwamba nishati ya vitu ni ya kujumlisha na ya mvutano ni ya kutoa, huenda ukijumlisha unapata sifuri, kwa hiyo hakuna aliyelipa.

Na kuna mfumuko wa Alan Guth, kuanzia 1980. Huu ndio wenye wafuasi wengi. Tatizo alilolitibu ni hili: kona mbili za anga zilizo pande tofauti zina joto sawa kwa tofauti ya kama sehemu moja kati ya laki moja, na mwanga haujapata muda wa kwenda kutoka moja mpaka nyingine. Zilipatana wapi? Guth akasema zilikuwa pamoja, halafu kwa kipande cha sekunde kisichotajika nafasi ikafumuka kupita kiasi. Shida ni kwamba mifumuko mingi ikianza haikomi, inazaa ulimwengu mwingine, na mwingine.

#34 Kalamu Butu
Hiyo "patupu" yenye kanuni za kwantumu siyo patupu. Chumba kisicho na kitu lakini kina katiba ukutani bado kina katiba. Nani kaiandika?

#35 Mpenda Hoja
#34 nakukaribisha nyumbani.

#36 Kalamu Butu
Sijaja. Nimesimama dirishani nachungulia tu.

#37 Kobe Mwendo
Na mfumuko msiuuze kama umeshalipiwa. Machi 2014 watu wa darubini ya BICEP2, Ncha ya Kusini, waliita waandishi: tumeona alama ya mfumuko. Dunia nzima ikapiga makofi. Mapema 2015 ikathibitika walichoona kinaelezeka kwa vumbi la galaksi yetu wenyewe. Vumbi!

#38 Msoma Kimya
Kwanza njiwa, sasa vumbi. Hawa watu waajiri msafishaji.

#39 Mlevi wa Maneno
Natoka nje ya mada kidogo. Neno "ulimwengu" lenyewe. Walimwengu ni watu, malimwengu ni mambo ya watu, "ulimwengu ukikupa kisogo" ni maisha. Zamani ulimwengu ulikuwa hapa hapa tulipo na fitina zake. Leo mnaupeleka bilioni za miaka ya mwanga. Na "dunia" kwa asili yake ya Kiarabu ina maana ya kilicho karibu, hicho kimebaki karibu. Sasa kama wapo ulimwengu wengi kama anavyosema kijana wa #33, wingi wake tusemeje? Malimwengu limeshachukuliwa na umbeya.

#40 Shehe Hesabu
Labda ndiyo sahihi. Ulimwengu mwingi ambao hakuna aliyeuona ni umbeya.

#41 Mtoto wa Juzi
Samahani wakubwa, mimi mgeni. Mnasema galaksi zote zinakimbiana, mbona nimesoma Andromeda inakuja kwetu?

#42 Bibi Falaki
Karibu mwanangu, hilo si swali la mtoto. Kutanuka kunashinda kwenye masafa makubwa. Kwa majirani mvutano unashinda, na sisi na Andromeda ni majirani, miaka milioni 2.5 ya mwanga. Inakuja kwa kama kilomita 110 kwa sekunde, usihamishe vitu.

Unaweza kuiona kwa macho. Mara ya kwanza niliitafuta usiku usio na mwezi, nikakodoa na kuikosa, mpaka nilipotazama kidogo pembeni yake, ndipo ikatokea: kidoa cha ukungu, kama mtu amepumulia kioo. Ukiitazama moja kwa moja inapotea, kwa sababu katikati ya jicho hakuoni vizuri gizani. Mwanga ule uliondoka kule kabla hakujawa na mtu kama sisi wa kuutazama.

#43 Kobe Mwendo
Bibi ukiandika hivyo nashindwa kubisha. Ila lazima nibishe. Hivi mnajua katika huu ulimwengu mnaoueleza kwa kujiamini, vitu tunavyovijua, nyota, gesi, mimi, wewe, ni kama asilimia 5? Asilimia 27 ni maada giza, tunaijua kwa mvutano wake tu, Zwicky aliishuku 1933 na Vera Rubin akaibana miaka ya 1970 kwa kuonyesha nyota za pembeni mwa galaksi zinazunguka kasi mno. Asilimia 68 ni nishati ya giza, ilikuja 1998 walipopima nyota zinazolipuka wakakuta kutanuka kunaongeza kasi. "Giza" hapo ni adabu ya kusema hatujui.

Halafu kasi yenyewe ya kutanuka, ile ambayo Hubble aliiweka 500. Ukipima kwa shhhhh ya Fundi unapata 67. Ukipima kwa nyota za mama Leavitt na hizo zinazolipuka, 73. Na mikia ya namba haigusani, Bibi, nimejifunza kuangalia mkia.

#44 Bibi Falaki
Umehitimu.

Na tangu 2024 wale wa mradi wa DESI, wanaochora ramani ya mamilioni ya galaksi, wanaona dalili kwamba nishati ya giza inapungua nguvu. Dalili, bado haijathibitishwa. Nikiwa hai nitarudi kwenye uzi huu.

#45 Swali Gumu
Nimerudi. Nimefanya jambo la kijinga.

Nilikuwa na ile ya kichogo stoo, imefunikwa gunia. Nimeibeba, nimeichomeka, ikatoa harufu ya vumbi linaloungua halafu ikawaka. Nikazima taa. Chenga. Nimekaa karibu mpaka nywele za mkono zinasimama kwa ule umeme wa kioo. Mama watoto kapita kaniuliza natazama nini, nikamwambia mwanzo wa ulimwengu. Kasema nipunguze sauti.

#46 Kobe Mwendo
Mkumbuke ni asilimia moja. Zilizobaki ni joto la saketi yake na taka za masafa.

#47 Swali Gumu
Najua. Ndiyo nimekaa hapa najaribu kuijua hiyo moja katika mia ni ipi.

#48 Fundi Masafa
Hutaijua mkuu. Hata Penzias na Wilson ilibidi wawe na kifaa cha kulinganishia kilichopozwa kwa heliamu ya kimiminika, wakawa wanageuza huku na huku: antena, heliamu, antena, heliamu.

#49 Mtoto wa Juzi
Heliamu ile ile ya dakika za kwanza?! Yaani walitumia mwanzo kuupima mwanzo?

#50 Nyotamkia
Ningependa sana iwe hivyo, lakini hapana. Heliamu tunayoichimba duniani karibu yote imetokana na urani na thoriamu kuoza ardhini. Ile ya mwanzo ni nyepesi mno, dunia haikuweza kuishika. Iko juani na kwenye sayari kubwa kama Mshtarii.

#51 Mtoto wa Juzi
Nilikuwa nimeshaanza kufurahi.

#52 Swali Gumu
Asanteni nyote, Bibi na Fundi hasa. Koti jeupe nalifuta. Ila nimepitia uzi wote toka juu na hakuna aliyenijibu kuhusu ile mikono.

#53 Mpenda Hoja
#3.

#54 Kalamu Butu
#4.